Siki, Masizi na Kichwa cha Emi

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe kaja leo kutoka Ihumwa. Hakungoja hata chai ipoe. Amemvua Emi kofia, amemtazama kichwa, amemrudishia kofia. Kisha akaanza kusema na ukuta. Mimi na yeye hatuongei uso kwa uso, ndivyo nilivyolelewa: mama mkwe haangaliwi machoni wala hajibiwi moja kwa moja. Unainamisha kichwa, unapitishia maneno kwa mtu mwingine. Mtu mwingine leo alikuwa Emi mwenyewe, miaka minane, kasimama katikati yetu na mapunye yake.

Akamwambia Emi amwambie baba yake kwamba kichwa hiki hakina mwenyewe. Nikamwambia Emi amwambie bibi yake kwamba mwenyewe ni mimi na ninakitunza sana. Akamwambia amwambie baba yake kwamba shule zikifunguliwa mwezi ujao na hivi viduara bado vipo, mtoto anahamia Ihumwa. Atasoma huko, atakulia huko. Nikamwambia Emi amwambie bibi yake chai inapoa.

Ihumwa si mbali, najua. Lakini mtoto anayelala Ihumwa halali hapa. Mke wangu Restuta alifariki mwezi wa tatu. Emi akiondoka, nyumba hii inabaki na mimi na makopo ya rangi.

Wa kulaumiwa ni shemeji Denis. Siku ya kumaliza msiba tulinyolewa ukoo mzima, tumepangwa uani kwenye mabenchi, na yeye ndiye kinyozi. Akapita na mashine moja, kichwa baada ya kichwa, bila kuifuta hata na kitambaa. Nilimwona, nikanyamaza, nilikuwa na kilio changu. Denis anasema mbona wengine hawakuota kitu. Wengine hawana ngozi laini kama ya mwanangu, ndiyo sababu.

Nimeshaamua. Hospitali siendi. Restuta aliingia hospitali kwa miguu yake, nikamtoa ndani ya sanduku. Nitamtibu Emi mwenyewe, kwa majani na vitu vya asili, na mama mkwe atakuja kuniomba msamaha kupitia mtu yeyote atakayemtaka.


Jumatano, 11 Juni

Mwarobaini. Kila mtu anajua mwarobaini. Sijui kwa nini sikuufikiria mapema.

Tatizo ni kwamba mti wenyewe uko nyuma ya jiko la Mwajabu, jirani yangu, na Mwajabu ana kinyongo. Mwaka jana nilimwandikia bango la CHAPATI NA MAHARAGE. Akadai herufi zangu zimelala upande kama walevi. Tangu hapo tunasalimiana kwa kikohozi. Kwa hiyo sikuomba. Niliingia asubuhi wakati anawasha moto, nikakata matawi, nikageuka, nikamkuta kasimama na mwiko mkononi. Akaniuliza nina kazi gani na mti wake. Nikasema naupunguza, unaziba jua. Akauliza jua la nani.

Ikabidi niseme ukweli. Akasema angenipa hata mti mzima ningeomba kwa adabu, na kwamba mapunye ya kichwani hayaishi kwa majani, mtoto apelekwe zahanati. Nikamshukuru kwa ushauri. Mtu wa chapati.

Nimeyatwanga kwenye kinu cha Restuta, nikampaka Emi kichwa kizima. Amekuwa kijani. Kinu nacho kimekuwa kichungu. Ulezi tulioutwanga mchana tumeshindwa kuunywa uji wake. Emi hakulalamika. Aliniuliza tu kama mama yake alikuwa akitumia dawa hii. Nikasema ndiyo. Sina hakika.


Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Siku ya aibu.

Upepo wa mwezi huu hauna huruma, unakata masikio, kwa hiyo Emi alikwenda na kofia yake ya bluu. Kofia hii aliifuma Restuta akiwa kitandani wodini, mkono mmoja una dripu. Upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, kwa sababu nguvu zilimwishia kabla kofia haijaisha, akamalizia haraka. Haijafuliwa tangu siku aliyoniwekea mkononi. Ina harufu yake: mafuta ya nazi, moshi, na ile sabuni yake ya kipande cha kijani. Emi analala nayo na kuamka nayo. Na mimi, nikimwamsha asubuhi, huinama karibu kidogo kuliko inavyohitajika.

Basi, katikati ya mahubiri joto likapanda, Emi akatoka jasho, mwarobaini ukaanza kushuka. Mifereji ya kijani mpaka shingoni. Mtoto wa benchi la nyuma akamuuliza mama yake kwa sauti kama Emi anaoza. Benchi la nyuma lilikuwa la Denis. Nikamsikia anakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Nje Denis alinifuata, akaniamkia vizuri tu, akasema kama nataka yeye atamlipia mtoto daktari. Nikamwambia aanze kwa kuifuta mashine yake. Alikuwa na macho mekundu. Yeye na Restuta walinyonya ziwa moja, hilo nalijua. Sikulisema.

Viduara viko palepale. Kimoja kimeongezeka upana.


Jumatano, 18 Juni

Mambo yamebadilika! Nimepata dawa yenyewe.

Nilikuwa mjini, naandika bango la duka la viungo la Rizwan. Nimemweleza habari za mwarobaini. Rizwan ni mtu mpole, aliniacha niseme mpaka mwisho ndipo akasema bibi yake alikuwa akitumia manjano kwa ngozi ya mwilini, lakini kichwani ni kazi ya daktari. Sikusikia sana, maana nilikuwa naangalia rafu yake. Siki! Siki ya zabibu, ya zabibu zetu hizihizi za Dodoma. Kali, inachoma ulimi, inasafisha hata kutu. Kitu kinachosafisha kutu kitashindwaje na viduara?

Nilimwomba Rizwan dumu badala ya ujira wa bango. Alinitazama kwa huruma, sijui ya nini, akanipa.

Nimempaka Emi jioni. Amesema inawasha kidogo, kisha akasema inanuka kama kachumbari, tukacheka wote wawili. Baada ya kupaka nikaona kabisa kiduara kimoja kimefifia. Labda ni mwanga wa kibatari, umeme ulikatika. Lakini nilikiona.

Nimeandika bango papo hapo, kwenye bati lililobaki. TIBA ASILI YA MAPUNYE. SIKI YA ZABIBU. HAKUNA KUKATA TAMAA. ULIZA KWA BABA EMI. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Zimesimama wima kama askari, Mwajabu aje azipime na kamba.


Ijumaa, 20 Juni

Bango limetundikwa kwenye mlango wa uani. Mteja wa kwanza alikuja kabla ya adhuhuri, mama mmoja na mwanawe mgongoni. Akauliza dawa inafanya kazi kweli. Nikasema inafanya sana, nikaanza kumweleza kuhusu kutu. Emi akatoka ndani kuja kusalimia, mtoto ana adabu, akapiga goti, akasema shikamoo. Kofia ikamdondoka.

Yule mama alimwangalia Emi. Akaangalia bango. Akaitikia marahaba, akasema amesahau kitu nyumbani, akaenda zake.

Emi aliokota kofia, akaniuliza kama amenikosesha mteja. Nikamwambia hapana, yule mama hakuwa na ugonjwa wa kutosha. Imeniuma kwa kweli. Si kwa ajili ya mteja. Ni vile alivyouliza.


Jumamosi, 21 Juni

Leo sitaki kuandika. Naandika tu.

Siki peke yake inachelewa, nikajisemea, inataka mwenzake. Nikatwanga vitunguu saumu, nikachanganya na siki, nikampaka Emi mahali pa viduara, nikafunga na kitambaa ili nguvu isitoke. Nikamwambia avumilie kama mtu mzima. Nikaenda nje kuchanganya rangi.

Hakulia. Ndilo kosa lake, hakulia, angelia ningejua. Niliporudi nilimkuta kakaa kwenye kigoda, ameshika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, jasho linamtoka. Nikafungua kitambaa. Ngozi imebabuka, malengelenge, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Nimemwosha kwa maji baridi. Akaniambia, baba usiogope, nimevumilia.

Mwajabu aliruka ua. Sijui alisikia nini, labda ni mimi niliyekuwa nalia. Hakusema neno kuhusu herufi wala jua. Alimbeba Emi, akaketi naye barazani kwake mpaka alipopata usingizi. Mimi nimekaa kwenye kizingiti changu. Restuta angeniambia nini? Asingeniambia kitu. Angeninyang'anya kinu.


Jumanne, 24 Juni

Mwajabu kampeleka Emi zahanati. Hakuniomba ruhusa. Nilikuwa mjini kumalizia bango la Rizwan, nimerudi nakuta vidonge mezani, mafuta ya kupaka kwenye kidonda, na Emi anakula chapati.

Nesi kasema mapunye ya kichwa yako chini kwenye mizizi ya nywele, dawa ya kupaka juujuu haiyafikii, siki wala nini. Vidonge kila siku baada ya chakula, wiki kadhaa, mpaka mwisho, hata kama nywele zimeota. Na kila kinachogusa kichwa cha mtoto kichemshwe: foronya, taulo, chanuo, mitandio, kofia. Hasa kofia. Bila hivyo anajiambukiza upya kila siku. Emi alinisomea yote haya bila kukosea, alikuwa ameagizwa.

Nilikasirika, nikasema mambo ya kuingiliwa nyumbani. Mwajabu akasubiri nimalize. Halafu akasema Restuta alikuwa rafiki yake, kwamba siku ile ya mwisho Restuta alimwomba amtazamie watu wake, na watu wake ni wawili, si mmoja. Nikakosa pa kuweka uso. Nikamwambia nitamwandikia bango jipya. Akasema potelea mbali bango.

Vidonge nitampa. Si kwamba naviamini. Vitaisindikiza siki.


Ijumaa, 27 Juni

Nimechemsha. Nani asema sifuati maagizo? Nimeazima pipa, nikachochea moto uani, nikachemsha foronya, mataulo, mashuka, chanuo (limepinda), mitandio yote ya Restuta ambayo Emi huichezea, pazia, suruali yangu ya kazi, na zulia la mlangoni kwa tahadhari. Rangi ya suruali imeingia kwenye mashuka. Tunalala kwenye mashuka ya bluu bahari sasa. Emi kafurahi.

Kofia nilikuwa nayo mkononi. Niliipeleka mpaka kwenye mvuke. Ile harufu ikainuka ghafla, kali kuliko siku zote, kama kwamba Restuta amepita na ndoo nyuma yangu. Nikageuka kweli, mjinga mimi. Nikajua nikiitumbukiza, itatoka uzi wa bluu tu, uzi wa dukani.

Nimeianika kwenye jua. Jua la Dodoma linaua kila kitu. Nikainyunyizia siki kidogo kwa ndani. Mwajabu aliuliza kutoka ng'ambo ya ua kama kofia nayo imeingia. Nikasema imeingia.


Alhamisi, 3 Julai

Asubuhi ilianza vizuri. Malengelenge yamekauka, na kwenye viduara viwili vya utosini kuna vinywele, vifupi, lakini vipo. Nikapiga makofi. Nikamwambia Emi aone kazi ya siki. Akasema na vidonge, baba. Nikasema na vidonge kidogo.

Mchana namwosha, nakuta kiduara kipya. Juu ya sikio la kushoto, kule kofia inakoshuka. Chekundu, cha mviringo safi, hakina kinywele hata kimoja. Nimekiangalia mpaka Emi akauliza kuna nini. Nikasema kuna uzuri tu.

Mama mkwe anakuja Jumamosi.


Jumamosi, 5 Julai

Nilikuwa na mpango, na lazima niandike kwamba ulikuwa mpango mzuri.

Mimi ni mchora mabango. Nimechora simba, nimechora magari, nimechora ng'ombe kwenye bucha mpaka watu wa mnadani wakamsifu kwato. Nitashindwa na nywele za kichwa kimoja? Nikakwangua masizi chini ya sufuria, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikachukua brashi yangu ndogo kuliko zote, ile ya namba za simu. Nikamkalisha Emi kwenye kigoda, nikachora unywele mmoja mmoja juu ya kile kiduara. Nikavijaza na vile vya utosini kwa hisani.

Brashi ilimtekenya. Akacheka. Akajikunja, akacheka tena mpaka akashikwa na kwikwi, nami nikacheka, na masizi yakamdondokea puani. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwezi wa tatu. Nilitaka kichwa chake kiwe kikubwa kama lori ili nisimalize.

Mama mkwe akafika. Nikainamisha kichwa, nikakaa pembeni. Kofia nilikuwa nimeificha ndani ya shati langu. Akamtazama Emi kutoka mlangoni. Kisha nikaona miguu yake inasogea, na sauti yake imelainika, akisema mtoto kapendeza. Moyo wangu ukaruka. Akampapasa kichwa, kwa mapenzi tu, kama bibi yeyote.

Kiganja kikatoka cheusi.

Akakifuta kwenye kanga yake, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akamwambia Emi amwambie baba yake amfungie nguo. Nikamwambia Emi amwambie bibi yake nguo hazijakauka. Zilikuwa zimekauka tangu juzi. Akamwambia amwambie baba yake zitakaukia Ihumwa. Nikamwambia amwambie bibi yake shule ya huku ina mwalimu mzuri wa hesabu. Emi alianza kugeuka kwangu, akageuka kwa bibi yake, akageuka tena. Halafu akakaa chini sakafuni, katikati, akaziba masikio. Hakumwambia mtu kitu.

Hapo mama mkwe akaniita. Obedi. Kwa jina langu, uso kwa uso. Nikainua macho kwa mshtuko, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake nikaona sura yake vizuri. Ni sura ya Restuta iliyochoka. Akasema na yeye alizika mtoto. Akasema hanichukii. Akasema mimi ni baba mwenye mapenzi, lakini mapenzi yangu yamemchoma mtoto kichwa, na leo yamempaka masizi. Akauliza ile kofia iko wapi, aende nayo aichemshe mwenyewe.

Nikasema imepeperushwa na upepo.

Nilikuwa naihisi kifuani, inanikuna. Emi aliniangalia. Anajua upepo ulivyo, na anajua kofia yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye bajaji, nikampa vidonge vyake na brashi yangu ndogo. Aliniaga akiwa amebeba brashi mbele yake kama mshumaa.


Jumanne, 8 Julai

Shule zimefunguliwa. Watoto wamepita hapa mlangoni na sare zao, makelele. Rafiki yake Jenifa amesimama, akaita Emi mara kadhaa. Ikabidi nitoke nimwambie kahamia Ihumwa. Akauliza kwa nini. Nikasema kule kuna treni.

Nimepika ugali wa watu wawili. Mkono umezoea. Mwajabu kaniletea mlenda, akakaa nami. Nimeshusha lile bango la tiba. Nimeligeuza nyuma, bati bado zuri.

Kofia naiweka juu ya mto, upande wa Restuta. Nikilala naivuta usoni. Nisiseme uongo, na kulia nalia.


Jumapili, 27 Julai

Nimetoka Ihumwa. Nimemwona.

Nywele! Kichwa kizima, nyeusi, fupi, sawasawa, bila hata doa moja. Nimezipapasa, nikaangalia kiganja kwa mazoea. Kilikuwa kisafi. Emi kanenepa, ana rafiki, anajua majina ya mabehewa. Nikafurahi. Nikaumia pia, kwamba yote haya yamewezekana bila mimi.

Nilimpelekea mama mkwe chupa ya siki. Nikamwambia Emi amwambie bibi yake siki ndiyo iliyoweka msingi, vidonge vikajengea. Mama mkwe akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaimwagia kwenye kachumbari mbele ya macho yangu. Kachumbari ilikuwa tamu, nimekula.

Wakati wa kuondoka akamwambia Emi amwambie baba yake kwamba Nanenane ikifika, mtoto aje kwangu Chang'ombe alale siku mbili. Kwa majaribio. Akirudi salama, atakuja kila mwisho wa wiki, na mwakani tutazungumza habari ya kumrudisha shule ya huku. Akirudi na kiduara hata kimoja, basi. Nitakuwa namwona Jumapili, huko huko Ihumwa kwenye benchi la uani kwake, na kurudi kwangu.

Nikamwambia Emi amwambie bibi yake Mungu ambariki. Emi akasema si umwambie mwenyewe, yuko hapo. Wote tukatazama chini.


Jumamosi, 9 Agosti

Emi yupo! Alifika jana. Nilikuwa na kazi ya mabango kule Nzuguni kwenye maonyesho, nikampeleka akaone ng'ombe wakubwa na matrekta, akanionyesha watu kwa kidole akisema baba yangu ndiye kaandika lile. Nyumba nimeipiga deki. Mashuka yetu ya bluu bahari nimeyachemsha tena, mbele ya Mwajabu, ashuhudie. Hata Denis kapita kumsalimu, kaleta chanuo jipya ndani ya karatasi yake. Nikampa mkono. Mashine anaifuta siku hizi, kanionyesha na chupa ya spiriti.

Kitu kidogo tu kinanisumbua, paji la uso linawasha. Kuna kama kiduara. Mwajabu alikikazia macho sana. Nimemwambia ni rangi ya mafuta, hunifanya hivyo kila mwaka msimu wa Nanenane. Nakipaka siki.

Jioni upepo ukaanza, ule wa kukata masikio. Emi akajikunyata barazani na kichwa chake kizuri kipya. Akauliza, polepole, kama ile kofia upepo uliirudisha. Nikaenda chumbani, nikaitoa chini ya mto wangu. Alipoiona alisimama. Akaipokea, akaizamisha uso wote ndani, akakaa humo. Nikasikia anasema mama.

Nilisimama pale nikijiambia, Obedi, hili umelifanya sawa. Katika yote uliyoharibu mwaka huu, hili umelitunza.

Akaishusha. Akaniuliza kama imechemshwa, kwa sababu bibi amemwambia asivae chochote ambacho hakijachemshwa, na yeye anataka sana kuja kila wiki.

Nikasema imechemshwa.

Akavaa, akaishusha vizuri mpaka kwenye sikio la kushoto. Sasa hivi amelala nayo, anakoroma kidogo kama mama yake. Bibi yake anakuja kumchukua kesho mchana. Sina wasiwasi. Kikitokea chochote, siki ipo, dumu zima, uvunguni.